Kuhusu wanachuo kukwepa vipindi vya mtandaoni

Mkuu, umeuliza kwa nini wanachuo wanashinda na simu mkononi lakini vipindi vya mtandaoni wanavikimbia, ukamalizia kwamba ni uvivu. Nakukatalia. Nimekuwa CR (mwakilishi wa darasa) kwenye chuo kimoja hapa Dar, vipindi vingine ukumbini, vingine mtandaoni, na nilijua nani haingii na kwa nini.

Ni bando. Saa moja ya Zoom video ikiwa wazi inakula mamia ya MB. Boom (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likichelewa, mtu anachagua kati ya kipindi na chakula cha jioni. Mwalimu wetu mmoja alipandisha slaidi mapema kwenye Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni), kisha akafundisha kwa sauti tu. Watu walijaa na maswali yaliulizwa. Mwingine alishikilia video, kila akiuliza kitu, kimya.

Halafu kuna jambo ambalo hatukuambiwa tulipoanza mwaka wa kwanza, na linaniuma mpaka leo. Programu ya Moodle ya kwenye simu inakuruhusu kupakua masomo ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, ukasome nyumbani bila bando. Hata kwizi unaweza kuifanya data ikiwa imezimwa, majibu yakatumwa baadaye, ili mradi mwalimu awe ameruhusu hivyo kwenye mipangilio. Niliwaelekeza wenzangu maktaba, simu moja baada ya nyingine: fungua kozi, gusa alama ya kupakua, zima data, fungua tena. Dada mmoja wa Mbagala alianza kusomea kwenye daladala wiki hiyohiyo.

Mtafiti Fred Davis aliandika mwaka 1989 kwamba mtu hukubali mfumo wa kompyuta akiuona una manufaa na ni rahisi kutumia. Kwetu hayo hayatoshi. Mtafiti mwingine, Venkatesh, na wenzake mwaka 2012 waliingiza pia bei na mazoea, na hapo ndipo wanachuo wetu walipo.

Mazoea yenyewe ni WhatsApp. Notisi zikitumwa kwenye grupu, nani atahangaika na Moodle? Kama unafundisha, weka notisi na kwizi zenye alama Moodle peke yake, grupu libaki la matangazo. Na uwabane watu wa TEHAMA wafikishe Wi-Fi hosteli. Yetu iliishia maktaba, na maktaba usiku inafungwa.