Jibu: Mama anashikwa na kizunguzungu akigeuka kitandani

Salaam dada. Umesema mama yako hapo Ngamiani kapimwa malaria na presha, vyote safi, ila akigeuka kitandani nyumba nzima inazunguka.

Kwanza tazameni saa: kizunguzungu kinadumu muda gani? Cha mama yangu kilikuwa hakifiki dakika moja, kila akilalia ubavu wa kulia. Daktari wa masikio alimlaza kwa ghafla kichwa kikiwa kimegeuzwa, akamtazama macho. Mboni zikawa zinachezacheza. Kumbe ni vichembe vya chokaa vimehama ndani ya sikio. Akamgeuza kichwa taratibu, hatua kwa hatua, vikarudi.

Kikidumu kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa, na sikio linavuma na kuziba, huenda ni ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière. Ombeni kipimo cha usikivu. Ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, mkimbizeni hospitali ya Bombo hapo hapo.