Muulize Bibi Lishe: chai ya mvuke, dona, na vidonge vya laki na nusu

*Shikamoo Bibi Lishe. Mama yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya umio. Alianza kwa kusema nyama inamkwama, mwishowe hata uji haukupita. Sasa kuna dada anauza vidonge vya virutubisho, anasema vina beta-karotini, vitamini E na kila kinachozuia saratani. Kopo la mwezi mmoja ni shilingi 150,000. Nataka kuwanunulia ndugu zangu wote, hasa kaka yetu mkubwa, maana anavuta sigara tangu akiwa sekondari. Ninunue?*
*Mtoto wa pili, Same*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Usinunue. Na kaka yako, hata ukipewa bure, usimpe.

Nilipoanza kazi ya afisa lishe nami niliamini hivyo hivyo: karoti ni nzuri, basi kilichomo ndani yake kikiwekwa kwenye kidonge kitakuwa kizuri zaidi. Wafini walilijaribu jambo hilo kwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Zaidi, siyo pungufu. Marekani nako jaribio la namna hiyo lilisimamishwa kabla ya muda wake. Vitamini E ya vidonge nayo, mwaka 2011, ikaonekana imeongeza saratani ya tezi dume. Karoti ya sokoni usiiogope. Kilicholeta balaa ni kitu kimoja kilichotolewa kwenye chakula, kikamezwa kwa dozi kubwa kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Hiyo laki na nusu ikae mfukoni, tuongee habari za chupa ya chai.

Sisi wa Kilimanjaro tumo ndani ya ukanda wa saratani ya umio unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Watafiti waliwahi kuja huku kwetu kupima joto la chai watu wanapoanza kuinywa. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6, na wanywaji wa chai ya maziwa ndio walioinywa ikiwa ya moto zaidi, tena haraka. Utafiti huo ulichapishwa 2015. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la Lyon, Ufaransa, likaviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Siyo majani ya chai wala kahawa. Ni ule moto unaounguza umio kila siku.

Mama mkwe wangu wa Machame alikuwa akirudisha kikombe jikoni kama hakitoi mvuke. "Umeniletea chai ya mgonjwa?" Nami niliyeolewa ningesema nini? Baada ya kuusoma utafiti ule nilinunua kipimajoto cha jikoni, na siku ya Krismasi nikakitumbukiza kwenye kikombe cha mume wangu mbele ya ukoo mzima: 73. Walicheka sana. Nikawaomba wasubiri, na baada ya dakika saba hivi ikasoma 63. Siku hizi kwetu chai inamiminwa kwanza, ndipo watu wananawa na kusali. Mzee wetu mmoja ana sala ndefu, na kwa mara ya kwanza nimeona inatufaa.

Chai peke yake haitoshi. Sigara na pombe, mbege ikiwemo, zina mkono wao katika saratani hii. Mboga na matunda vina nafasi yake na mle kila siku, ila papai halifuti sigara. Kaka yako akiweza kuacha kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho. Na yeyote kati yenu akianza kukwamwa na chakula, asihangaike na mizizi wala stafeli. Aende hospitali wiki hiyo hiyo, umio ukaangaliwe kwa kamera.

*Bibi, mahindi yetu mengine yamenyeshewa yakaota ukungu wa kijani. Mke wangu anasema tukiyaosha na ugali ukaiva vizuri hakuna shida. Na dona si ndiyo bora kwa afya?*
*Mkulima, Kibaigwa*

Moto wa ugali hauiwezi sumukuvu. Kuvu wenyewe watakufa, sumu yao itabaki. Wewe ni mtu wa Dodoma, utakuwa unaukumbuka mwaka 2016: watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hii. Hao waliila nyingi kwa mkupuo. Anayeila kidogo kidogo miaka nenda rudi haumwi siku hiyo, ila ini lake linaharibiwa polepole, na huko mbele linaweza kupata saratani. Mwenye virusi vya homa ya ini B ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa sumu ile ile kwake inaweza kuwa na nguvu mara 30 hivi kuliko kwa asiye navyo. Nyote nyumbani mkapime.

Kuhusu dona umenibana. Nimeihubiri miaka yote kwa ajili ya nyuzinyuzi. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960, aliona saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa watu wa huku wanaokula vyakula visivyokobolewa, akarudi kwao Uingereza kuwahimiza watu wale nyuzinyuzi. Lakini sumukuvu nayo hupenda kukaa kwenye kiini na pumba, yaani kile kile ambacho dona inakibakiza na sembe inakitupa! Kwa hiyo dona iwe ya mahindi safi. Mahindi ya mashaka yachambueni punje kwa punje, mtupe zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha zilizobaki mkoboe. Mlizozitupa msiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu itawarudia kwenye kikombe.

Msimu ujao anikeni juu ya turubai. Kabla ya kuhifadhi, tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise, usubiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani.

*Bibi, mimi hula smoki mbili na kachumbari kila asubuhi nikienda kazini. Wenzangu wanasema smoki ni sawa na sigara. Kweli?*
*Kijana wa Kayole, Nairobi*

Ziko kundi moja, lakini ukali wake haulingani. Mwaka 2015 watu wale wale wa Lyon waliiweka nyama ya kusindikwa, soseji kama smoki zikiwemo, kwenye kundi la sigara, na kundi hilo linaeleza jinsi ushahidi ulivyo thabiti. Halisemi vitu hivyo vinadhuru kwa kiasi sawa. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 ya ile uliyokuwa nayo. Tuseme kati ya watu 100 wangeugua watano. Wakila hivyo kila siku, watakuwa sita hivi.

Kwa hiyo usikeshe kwa hofu, ila kila asubuhi ni nyingi mno. Smoki ziwe za Ijumaa. Siku nyingine, muuzaji huyo huyo ana mayai ya kuchemsha pale pale kwenye mkokoteni. Mwambie akupasulie, na kachumbari akuongezee.