Kozi ya ushonaji imeanza, wiki za mwanzo nifanye nini?

SWALI: Habari za kazi. Nimeanza kozi ya ushonaji wa nguo. Tumepewa kitini na orodha ndefu ya vifaa, ila mwalimu anasema kitambaa tutakigusa wiki ya tatu. Vyerehani ni vya miguu. Nisubiri tu? — Msomaji, Tandika

JIBU: Usisubiri, dada. Omba ruhusa ukae kwenye cherehani baada ya kipindi, bila uzi wala sindano, ujifunze kukanyaga. Shida ya wageni wote ni gurudumu kurudi nyuma, na likirudi uzi hukatika au kujisokota ndani. Lianzishe kwa mkono wa kulia, ukilivuta kuja kwako, kisha miguu ifuate. Likishatulia, weka sindano kuukuu na ufuate mistari ya karatasi ya daftari. Iwe kuukuu kweli, maana karatasi hula ncha.

Halafu uzi. Kabla ya kuupitisha, inua mguu unaobana kitambaa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukazia uzi vinakuwa vimefungana, uzi unapita pembeni bila kushikwa, na ukishona, upande wa chini wa kitambaa unajaa vitanzi. Hapo wengi hukimbilia skrubu ya kikombe cha bobini (kile kinachoshika uzi wa chini), wakati kosa liko juu! Skrubu hiyo iache kabisa mwezi huu.

Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo uelekee unakoingizia uzi, upande bapa wa shina ukae kinyume chake, na shina lisukumwe juu mpaka mwisho kabla ya kukaza. Ikikaa vibaya, mishono inaruka. Namba 14 inatosha kwa kitenge na kanga, 16 kwa jinzi, 11 kwa vitambaa vyepesi.

Orodha usiimalize siku moja. Anza na mkasi wa kitambaa (karatasi ikate kwa mwingine), tepu, chaki, sindano, uzi na mita mbili za amerikani. Maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hayako mbali nawe. Unyevu wa pwani huleta kutu haraka, basi futa mkasi kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasiguse mashine, huganda na kuifanya nzito.

Kwenye kitini, anza na ukurasa wa vipimo. Mpime mtu mmoja wa nyumbani leo na kesho. Kifua kikitofautiana zaidi ya nusu inchi, huenda tepu ilishuka mgongoni. Tepu yenyewe ilinganishe na rula ya chuma, kwani za bei poa huvutika. Zoea pia kugawa: kifua 37, robo yake ni 9 na robo, si 9 na nusu.

SWALI: Kitini chetu kina sentimita, fundi ninayejishikiza kwake anatumia inchi. Nifuate ipi? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Zote mbili, ila kamwe si kwenye patani moja (karatasi ya kukatia nguo). Inchi 1 ni sentimita 2.54. Badilisha vipimo vyote kwenye daftari kabla ya kushika chaki, na andika kama umetumia inchi au sentimita juu ya kila kipande cha patani.