Si bahati mbaya tu iliyowaua Romeo na Juliet

Unauliza kama Romeo na Juliet, wapenzi wa tamthilia ya Shakespeare, waliponzwa na bahati mbaya tu. Mimi sikubali. Bahati mbaya ipo, ndiyo: barua ya Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa ya siri, ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa bali amelala kwa dawa, haikufika kwa sababu mjumbe alizuiliwa kwa hofu ya tauni. Lakini tazama pale Tybalt anapomuua Mercutio, rafiki wa Romeo. Mtawala wa Verona alikwisha kuonya kwamba atakayevuruga amani tena atalipa kwa uhai wake, kwa hiyo Romeo angemwachia yeye hukumu. Badala yake anachomoa upanga na kumuua Tybalt, binamu wa mke aliyemuoa siku hiyohiyo, naye anafukuzwa mjini. Yaliyofuata karibu yote yanaanzia kwenye pigo lile moja. Haraka hiyohiyo inamfanya anunue sumu bila kwenda kwanza kwa padri, na Juliet anaamka muda mfupi tu baada ya yeye kukata roho.

Wazee nao siwasamehe kabisa. Capulet, baba yake Juliet, anaiharakisha harusi ya binti yake na Paris, mchumba aliyemchagulia, kutoka Alhamisi hadi Jumatano, na padri, mtu mzima mwenye hekima, anasikia walinzi wanakuja, anamwacha binti yule kaburini peke yake.