Mtoto asiyekula ngano akienda shoo ya Nakuru

Dada, umeuliza binti yako wa darasa la nne atakula nini shule ikiwapeleka shoo ya kilimo ya Nakuru, maana daktari ameshathibitisha ana siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kudhuriwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, na wenzake watakuwa wakinunua kila kinachonukia. Mimi naishi na hali hiyo hiyo, na shoo siachi, iwe ya Nakuru au ya Mamboleo kule Kisumu. Chakula asichodhurika nacho kipo, tena kingi. Kinachoponza ni karai, kisu na kijiko.

Chukua chipsi. Kiazi hakina gluteni, mafuta hayana, ila muuzaji wa shoo mara nyingi ana karai moja ya kila kitu. Kuna mama nilimwuliza kama amepika mandazi kwenye mafuta yale. "La, ni chipsi na bhajia tu." Bhajia za unga gani? "Wa dengu." Nikabaki nimesimama, akamalizia mwenyewe: "Na wa ngano kidogo, ndio ushike." Hakuwa na nia mbaya, nilikuwa sijamwuliza bhajia. Moto wa mafuta hauondoi gluteni, na yale makombo yanayoelea hutoka na chipsi zako. Kwa hivyo usiulize kama chipsi zina ngano. Uliza nini kingine kimepita kwenye mafuta hayo tangu asubuhi. Krips zinazokaangwa papo hapo ni afadhali, kwa sababu wengi wa wauzaji hao hawakaangi kingine. Achukue za chumvi tu, zile za kunyunyiziwa viungo vya rangi aziache.

Smoki, zile soseji za mtaani, na smocha, yaani smoki ndani ya chapati, mkatalie kabisa. Soseji nyingi hutiwa unga au makombo ya mkate ili nyama ishikane. Hata ukipata isiyotiwa, kijiko cha kachumbari kimeshagusa chapati za wote waliotangulia, kisha kinarudi bakulini.

Nyama choma ya chumvi ni sawa, bora isiwe imelowekwa kwenye sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Mimi huomba nikatiwe juu ya sahani safi, kwa kisu nilichotoka nacho nyumbani. Wengine hununa. Basi, naenda kibanda kingine. Mchuzi wa mahemani siugusi, wapishi wa umati hupenda kuufanya mzito kwa unga. Mamboleo kuna nafuu ya samaki ngege mzima wa kukaanga kwa ugali, ila uliza kama amepakwa unga asishike karai.

Salama zaidi ni vile vyenye ganda: mahindi ya kuchoma au kuchemsha, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu, nduma, njugu karanga za maganda. Mwenye mahindi anachovya kipande cha limau kwenye chumvi na pilipili, anasugua, anakufungia kwa maganda yake, basi. Bisi na pamba ya sukari pia hazina neno. Aiskrimu aombe ya kikombe, ile koni ni ngano.

Sasa, kinachonitia wasiwasi kuliko vibanda ni vya bure. Nakuru ni nyumbani kwa ngano, kituo cha utafiti wa ngano cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, kiko Njoro hapo tu, na wasaga unga huja kuonyesha chapati na keki. Watoto hupewa biskuti, tambi za papo hapo, na vile vinywaji vya chokoleti ambavyo baadhi yake vina kimea cha shayiri. Shayiri ina gluteni kama ngano. Halafu kuna mtego wa mabanda ya kilimo: keki ya mihogo, mandazi ya viazi lishe, mkate wa mtama. Mtama, wimbi na mihogo havina gluteni, lakini mapishi hayo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili yaumuke. Bango litasema mihogo. Hata uji wa wimbi, uliza unga umesagwa wapi, maana posho mill moja husaga nafaka za kila mtu.

Kwa wauzaji usitaje gluteni, utaeleza mpaka jua litue. Mfundishe binti aseme, "Daktari amenikataza ngano, hata kidogo inaniumiza." Neno daktari linaheshimiwa, wakati "sili ngano" wanaona ni maringo ya mjini.

Mchana mfungie chake, wali na ndengu kwenye mkebe wenye mfuniko mgumu, na kijiko chake. Mpe na kipande cha sabuni, maana sanitaiza huua vijidudu lakini haiondoi makombo ya mandazi mkononi. Mwalimu umpigie mapema, umwombe sampuli zote anazopewa mtoto ziingie kwenye mfuko zije nyumbani, mzisome lebo pamoja jioni.