Kabla ya kuuliza swali, toa penseli

Karibu kwenye kazi hii ya kupima jinsi watu wanavyokumbuka picha. La kwanza ninalokuomba uliache mlangoni ni neno "anadanganya". Mtu anayekuapia kwamba mkia wa Pikachu, yule mhusika wa katuni za Pokémon, una ncha nyeusi hadanganyi. Mkia ule ni wa manjano mpaka mwisho, na weusi uko kwenye ncha za masikio. Ila yeye akifumba macho anauona mkia mweusi, waziwazi.

Mwaka 2022 Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge walichapisha utafiti uliotumia picha 40 za wahusika na nembo maarufu, kila moja ikiwekwa pamoja na matoleo mawili ya bandia, ili watu wachague ile halisi. Katika picha 7, watu walikosea kwa wingi, wakakosea kwa namna ileile, tena kwa kujiamini. Utasikia haraka sana kwamba ubongo hujaza kile unachokitarajia. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1981 Brewer na Treyens waliwaacha wanafunzi peke yao katika ofisi ya mtafiti kwa sekunde 35 tu, na baadaye karibu theluthi yao wakakumbuka vitabu ambavyo havikuwemo. Lakini chukua nembo ya kampuni ya nguo ya Fruit of the Loom. Ni matunda na majani tu, ila wengi hukumbuka nyuma yake kikapu cha kufumwa chenye umbo la pembe. Kwa kawaida matunda tunayaona kwenye sahani. Pembe hiyo ni wangapi wameigusa? Kwa hiyo usiridhike na jibu moja. Mimi bado siridhiki.

Sasa penseli. Tafuta picha ya kiti iliyopigwa kwa karibu mno, miguu ikiwa imekatwa na ukingo. Itazame kwa sekunde 15, ifunike, kisha chora. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilichora miguu yote minne, sakafu, na kivuli upande wa kushoto. Nilipofunua picha, hapakuwa na sakafu. Helene Intraub na Michael Richardson walilieleza jambo hili mwaka 1989: tunakumbuka mandhari pana kuliko ile tuliyoonyeshwa, kana kwamba tuliiona kupitia dirishani na tunajua kwamba dunia inaendelea nje ya fremu. Lifanye zoezi hili wewe mwenyewe kabla hujamkalisha mshiriki yeyote. Ukishalifanya, hutamtazama tena kwa jicho la kumhukumu.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la mdomo wangu. Nilimuuliza mshiriki, "Ile ncha ya mkia ilikuwa na rangi gani?" Akasita, akasema nyeusi. Mpaka leo sijui kama aliikumbuka hivyo au mimi ndiye niliyempa ncha yenye rangi yake pekee. Siku ile ilibidi data zake ziwekwe kando. Na onyo nilikuwa nalo: katika jaribio la Loftus na Palmer la mwaka 1974, watu waliotazama filamu ya ajali, kisha wakaulizwa kasi ya magari "yalipopondana", walirudi baada ya wiki moja, na 16 kati ya 50 wakasema waliona vioo vilivyovunjika. Kwa walioulizwa kuhusu magari "yalipogongana" walikuwa 7 kati ya 50. Filamu ilikuwa ileile, na vioo vilivyovunjika havikuwemo.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu: achore kwanza, bila neno lako. Kisha aeleze alichochora. Matoleo ya kuchagua yaje mwisho, na kiwango cha kujiamini ukiandike kabla hujamwonyesha picha halisi, kwa sababu akishaiona atakuambia kwamba alikuwa na shaka tangu mwanzo, naye atakuwa anaamini hivyo. Washiriki wanaosubiri nje wasikae na waliomaliza. Na mchoro usiusahihishe hata kidogo. Mstari uliofutwa nusu nao ni data, andika tarehe nyuma yake uuhifadhi.