Usiku Mafuta Yakimwagika, Nani Atapokea Simu?

Msomaji wa Kasarani, Nairobi, ameniandikia. Amemaliza digrii ya mazingira, anataka kazi ya kuzuia na kusafisha mafuta yanayomwagika bandarini, ila kila anayemuuliza anamwambia hiyo ni kazi ya watu wa Pwani. Mdogo wangu, maneno hayo nimeyasikia miaka mingi.

Kampuni moja iliwahi kunipa mpango wake wa dharura niukague. Kitabu kinene, ramani za rangi, jalada linang'aa. Usiku, nikiwa nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, nikaanza kupiga namba za dharura zilizoandikwa ukurasa wa mwisho. Ya kwanza ilipokelewa na mzee aliyestaafu zamani, yuko shambani. Ya pili haipatikani. Ya tatu iliita mpaka ikakatika. Nikayaweka yote kwenye ripoti. Meneja akaisukuma kando mbele ya wenzake: "Mtoto wa Umoja atatufundisha bahari?" Inaniuma hadi leo.

Lakini juzi kampuni nyingine imetumia orodha yangu ya ukaguzi kwenye zoezi lake bandarini Kilindini, Mombasa. Mikanda inayoelea, ile ya kuzuia mafuta yasisambae majini, ilikuwa imeshaizunguka meli kabla pampu ya mafuta haijawashwa, na kila simu iliyopigwa ilipokelewa. Nilisimama gatini nikajivunia, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo shika hili: kazi kubwa ni kabla ya pampu. Mipira ya kupitishia mafuta ikaguliwe, vali zikaguliwe, na pale kwenye maungio asimame mtu mwenye redio na mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa. Mafuta yakishatoka, mwenye neno ni maji. Mkondo ukiupiga mkanda moja kwa moja kwa kasi inayozidi takriban sentimita 35 kwa sekunde, mafuta hupita chini yake, ndiyo maana mkanda hulazwa mshazari. Jifunze bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, na maji mafu, siku yanapopoa, kama unavyojua ratiba ya matatu. Dawa ya kutawanya mafuta nayo isipuliziwe bila idhini, hasa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mikoko. Mwaka 2005 mafuta yaliyomwagika Kilindini yalifika kwenye mikoko ya Port Reitz. Mizizi ile inapumua. Ikipakwa mafuta, mti unakosa hewa.

Vijana wa Nairobi, msikubali kuambiwa bahari haiwahusu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira liko Gigiri hapa hapa, na mkataba wa kulinda bahari ya Afrika Mashariki ulisainiwa mji huu mwaka 1985. Tena oili chafu ikimwagwa mtaroni Kirinyaga Road inaingia Mto Nairobi, na maji hayo yanaungana na Athi, yanakuwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi.

Anzia hapo, mdogo wangu. Zungukia magereji, uwaulize mafundi kwa heshima oili chafu wanaipeleka wapi, uandike. Ukimaliza nitumie, nitaisoma yote.